Aikido: Sanaa isiyo na mshindi inayokufunza la kufanya na hasira yako

CHUKULIA uko steji ya Machakos jioni, umechoka, na mfukoni umebaki na nauli tu. Umeshakaa kwenye matatu, kisha makanga anakwambia bei imepanda. Unamuuliza imepanda lini, anakusukuma kifuani mbele ya abiria wote.

Hapo una sekunde mbili hivi za kuamua. Utamrudishia? Ama utashuka kimya, ukalale ukijilaumu kwamba wewe ni mwoga? Wengi wetu tunajua njia hizo mbili pekee: kupigana au kunywea.

Iko njia ya tatu, na kule Japan kuna watu wameifanyia mazoezi kwa karibu karne nzima. Inaitwa aikido.

Karate na taekwondo unazijua, pengine hata una beshte aliye na mkanda. Aikido haijavuma sana huku kwetu. Lakini kama wewe ni kijana mwenye hasira za karibu, au umechoka kuona wenzako wakipotea kwa sababu ya ugomvi mdogo, hebu tulia nikupe stori yake.

Jina lenyewe lina vipande vitatu. "Ai" ni kukutana au kupatana. "Ki" ni ile nguvu ya uhai inayomsukuma mtu. "Do" ni njia. Ukiviunganisha unapata njia ya kupatana na nguvu. Angalia vizuri: kupatana nayo, si kuishinda.

Kwa vitendo iko hivi. Mtu anakujia na ngumi. Badala ya kuizuia na kurusha yako, unatoka kwenye mstari wake, unaingia ubavuni mwake, unageuka hadi nyote wawili mnatazama upande mmoja, kisha unauongoza mkono wake mpaka anapoteza mizani. Anaangushwa na kasi yake mwenyewe. Akiwa chini unamshika asiweze kuendelea, ila humvunji kitu.

Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Aikido inauliza: na ukuta ukisogea je?

Aliyewafunza wanajeshi, kisha akashika jembe

Mwanzilishi wake ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka wa 1883 katika mji wa Tanabe. Usidhani alikuwa mtu laini. Alikuwa askari katika vita vya Japan na Urusi vya 1904 na 1905. Baadaye alisomea mbinu kali za kupigana chini ya Takeda Sokaku, mwalimu aliyeogopwa. Mwaka wa 1931 alifungua ukumbi wake wa mazoezi jijini Tokyo, na miaka hiyo alifunza hata katika vyuo vya kijeshi.

Kisha, mwaka wa 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, aliondoka Tokyo akahamia kijiji cha Iwama. Huko alilima, akasali, akaendelea kufanya mazoezi. Ni katika kipindi hicho ambapo jina aikido lilianza kutumika rasmi. Alifariki mwaka wa 1969 akiwa amefunza kwa miaka mingi kwamba lengo la sanaa hii ni kulinda uhai, hata uhai wa anayekushambulia.

Mtu aliyejua kuumiza ndiye aliyechagua kutoumiza. Anayesema "mimi ni mtu wa amani" kwa sababu hana uwezo wa kufanya lingine bado hajachagua chochote. Upole unaofunzwa na aikido ni wa mtu ambaye angeweza kuvunja mkono, na akaamua kuuachilia ukiwa mzima.

Hakuna fainali

Utashangaa ukiambiwa kwamba matawi mengi ya aikido hayana mashindano. Hakuna ligi, hakuna kombe, hakuna wa kupigiwa makofi kwa kumlaza mwenzake. Lipo tawi lililoanzishwa na Kenji Tomiki ambalo lina mashindano, lakini wengi hawafuati njia hiyo.

Badala yake mnafanya mazoezi wawili wawili, kwa zamu. Mwenzako anakushambulia mara nne, wewe unafanya mbinu. Kisha mnabadilishana: sasa wewe ndiwe mshambulizi, na wewe ndiwe unayeangushwa. Kila mtu hapo ni mwangushaji na mwangukaji.

Fikiria hilo linamfanyia nini barobaro aliyezoea kwamba thamani yake ni kushinda. Mwenzako amekukopesha mwili wake ili ujifunze. Ukimuumiza leo, kesho huna wa kufanya naye mazoezi. Na dakika tano zijazo, kifundo cha mkono kitakachokuwa hatarini ni chako.

Ndiyo maana somo la kwanza kabisa kwa mgeni huwa ni kuanguka. Unafunzwa kujiviringisha kuanzia mkono, bega, mgongo hadi nyonga, na kuinuka ukiwa umesimama imara. Wakamba, wenye ngoma zao za kuruka sarakasi, hawatalionea ajabu hilo. Ila hapa kuanguka kuna maana zaidi: anayejua kuanguka haogopi sana kusukumwa, na asiyeogopa kusukumwa hana haraka ya kurusha ngumi.

Pia hakuna kugawanywa kwa uzito. Msichana wa kilo 50 hufanya mazoezi na fundi wa mjengo wa kilo 90, na mwenye mkanda mweusi huangushwa na aliyejiunga wiki jana. Kwa kuwa mbinu hutegemea mizani na wakati kuliko misuli, msichana huyo anagundua kwamba mwili wake si kitu cha kukimbizwa tu. Na fundi anagundua kwamba nguvu zake, akizitumia vibaya, zinamwangusha mwenyewe.

Mzee kwenye treni

Kisa kinachosimuliwa zaidi katika aikido hakina mbinu hata moja. Kilimpata Terry Dobson, Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wa Ueshiba jijini Tokyo.

Siku moja ndani ya treni aliingia mwanamume mkubwa, mlevi, akipiga kelele. Alimsukuma mwanamke aliyebeba mtoto na kutisha abiria wengine. Dobson, kijana mwenye nguvu na mazoezi ya kutosha, alisimama. Moyoni alifurahi: hatimaye alikuwa amepata sababu halali ya kupigana.

Kabla hawajashikana, mzee mmoja mdogo wa mwili alimwita yule mlevi kwa sauti ya uchangamfu. Akamuuliza alikuwa amekunywa nini. Alipojibiwa, mzee akasema hata yeye hukipenda kinywaji hicho, na kwamba jioni huketi na mkewe bustanini wakakinywa pamoja. Kisha akamuuliza kuhusu mke wake. Jitu lile likaanza kulia: mke alikuwa amekufa, na kazi ilikuwa imepotea. Treni ilipofika kituo cha Dobson, mlevi alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa mzee.

Dobson alikiri baadaye kwamba aikido aliyokuwa akiitafuta kwa misuli ndiyo hiyo aliyoiona ikitendwa kwa maneno. Mzee alitoka kwenye mstari wa hasira, akaingia ubavuni, akageuka kutazama upande ule ule na yule mtu. Na upande huo aliona mke aliyekufa.

Machakos tunaijua bei ya hasira

Huenda ukasema stori za treni za Tokyo hazituhusu. Zinatuhusu sana. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, humu humu Machakos, liliteketezwa kwa petroli wanafunzi wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa.

Sitakudanganya kwamba vipindi vichache vya aikido vingezuia msiba ule. Milango, uongozi wa shule na malalamiko yasiyosikizwa ni mambo yanayotaka majibu yao. Lakini tangu wakati huo tumeendelea kusikia mabweni yakichomwa sehemu mbalimbali za nchi, na kila mara tunawaambia vijana wadhibiti hasira. Ni nani amewahi kuwaonyesha jinsi ya kuidhibiti? Kuambiwa "tulia" ni sawa na kuambiwa "ogelea" ukiwa tayari majini.

Utulivu hufanyiwa mazoezi, kama vile penalti. Mtu anakujia kwa kasi mara mia, na mara mia unajifunza kupumua, kulegeza mabega na kusogea badala ya kugutuka. Mwili ukishazoea, kichwa nacho hupata nafasi ya kufikiri.

Si mbali sana na kwetu kuna vijana waliojaribu. Mjini Hawassa, Ethiopia, kikundi cha vijana wa sarakasi na maigizo waliokuwa wakielimisha watu kuhusu Ukimwi kilianza pia kufunza aikido, kikisaidiwa na Donald Levine, profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Levine alikuwa ameitafiti Ethiopia kwa miongo mingi, na chuoni kwake alifunza somo lililounganisha nadharia za migogoro na aikido. Vijana hao waliuita ukumbi wao wa mazoezi ukumbi wa amani.

Je, kupatana ni kunyamaza?

Swali gumu ndilo hili. Ikiwa anayekusukuma ni mkubwa kuliko makanga, ikiwa ni serikali, je, upatane naye pia?

Jibu liko katika historia yako mwenyewe. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba mifugo kwa madai kwamba ilikuwa mingi mno na inaharibu udongo. Ng'ombe waliuzwa kwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na polisi, kwa hivyo bunduki hazikuwa kitu kigeni kwao.

Hawakuzishika. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakaketi huko kwa majuma kadhaa, wakidai kumwona gavana. Hawakurusha jiwe, na hawakuondoka. Mwishowe gavana alilazimika kuja Machakos kuwahutubia. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini uporaji ule wa mifugo ulikomeshwa.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia neno aikido. Ila angalia walichofanya: nguvu ya dola ilitayarishwa kwa ajili ya vita, nao wakakataa kuwa ukuta wa kupigwa. Walisimama mahali ambapo kila pigo lingemwaibisha mpigaji. Kupatana na nguvu si kuikubali dhuluma. Ni kukataa kupigana kwa masharti ya anayekudhulumu.

Kabla hujalipa ada

Ukweli lazima usemwe: aikido ina wakosoaji. Wapiganaji wa ulingoni husema mazoezi yake ni ya kupatana mno na hayamwandai mtu kwa vita halisi. Wana hoja. Ukitaka kushinda pambano ifikapo Desemba, nenda ndondi au judo. Na ukikutana na mwenye panga usiku, mpe simu uende nyumbani. Hiyo nayo ni aikido.

Kama bado unaitaka, itabidi pengine uitafute Nairobi, mwendo wa kilomita 60 na ushei. Muulize mwalimu alifunzwa na nani na alipata cheo chake wapi. Anayekuahidi mkanda mweusi kwa miezi mitatu ni mfanyabiashara. Na usijaribu kumkunja mwenzako kifundo cha mkono kwa kufuata video ya simu, utamlemaza.

Lakini kuna zoezi lisilohitaji nauli. Mtu akikupandishia sauti leo, nyumbani au kazini, usimjibu mara moja. Legeza mabega, vuta pumzi moja, kisha muulize swali moja la kweli kuhusu kinachomuuma. Hutafaulu siku ya kwanza. Hata kwenye mikeka ya Tokyo, siku ya kwanza kila mtu huanguka vibaya.