Jokofu na Kiyoyozi: Safari ya Joto na Gharama ya Vumbi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, miezi ya kaskazi ni miezi ya joto na unyevu. Huo ndio wakati ambapo viyoyozi hufanya kazi mchana na usiku, na ndio wakati ambapo majokofu hulalamikiwa kwamba hayagandishi. Aghalabu lawama huuangukia mtambo wenyewe: ama umezeeka, ama "gesi imeisha". Mwenye nyumba humwita fundi aongeze gesi, au huanza kuweka fedha za kununua mtambo mwingine. Lakini mara nyingi chanzo cha udhaifu huo ni jambo dogo: tabaka la vumbi, mpira wa mlango uliolegea, au barafu iliyoachwa ikarundikana. Makala hii inaeleza kwa nini mambo madogo kama hayo huongeza sana matumizi ya umeme, na kwa nini utunzaji wa mitambo hii ni somo la fizikia kabla ya kuwa kazi ya fundi.

Baridi haitengenezwi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna mtambo unaotengeneza baridi. Baridi ni upungufu wa joto tu. Jokofu huliondoa joto ndani ya kabati na kulitoa jikoni. Kiyoyozi huliondoa chumbani na kulitupa nje ya nyumba. Kwa tabia yake joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji yanavyoteremka mlimani. Kulirudisha kinyume kunahitaji kazi, kama vile kuteka maji kisimani kunavyohitaji nguvu za mikono. Kazi hiyo ndiyo inayolipiwa katika ankara ya umeme.

Kanuni inayotumika si ngeni. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hupenya vinyweleo vyake, yakafika nje na kugeuka mvuke. Kila gramu 1 ya maji inapogeuka mvuke katika halijoto ya kawaida huondoka na jouli 2,400 hivi za joto, na nyingi kati ya hizo hutoka katika mtungi na maji yaliyobaki. Jokofu hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kimiminika chake hakipotei hewani. Mvuke wake hukamatwa, ukarudishwa kuwa kimiminika, na kutumika tena. Jacob Perkins alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mjini London mwaka 1834. Kiyoyozi kilifuata baadaye. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kufuatana na hali ya hewa. Hivyo mtambo ambao leo unahesabiwa kuwa chombo cha starehe ulianza kwa ajili ya karatasi.

Mzunguko wa hatua nne

Ndani ya mabomba ya jokofu au kiyoyozi mna dutu ambayo mafundi huiita gesi, ingawa katika sehemu ya safari yake huwa ni kimiminika. Safari hiyo ina hatua nne.

Kwanza, kompresa huigandamiza gesi. Kanieneo yake hupanda, na halijoto yake hupanda pamoja nayo. Pili, gesi hiyo ya moto hupita katika koili ya nje, yaani bomba lililokunjwakunjwa ambalo kwa kawaida huwa nyuma au chini ya jokofu, au katika kisanduku cha kiyoyozi kilichowekwa nje ya ukuta. Hapo hutoa joto lake kwa hewa na kugeuka kimiminika. Tatu, kimiminika hupita katika mrija mwembamba sana au valvu maalumu, na kanieneo yake hushuka ghafla. Nne, huingia katika koili ya ndani, ambamo huchemka hata katika halijoto ya chini, kikinyonya joto la chakula au la hewa ya chumba. Mvuke unaotokea hurudi kwenye kompresa, na mzunguko huanza upya.

Ni dhahiri kwamba joto hupita katika milango miwili: huingia kwa koili ya ndani na kutoka kwa koili ya nje. Mlango mmoja ukizibwa, mzunguko wote hutaabika.

Urefu wa mlima

Taabu hiyo yaweza kukadiriwa kwa hesabu. Mwaka 1824 mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu ya joto. Kutokana na mawazo yake ilipatikana kanuni hii: kiasi kikubwa kabisa cha joto kiwezacho kuhamishwa kwa jouli 1 ya kazi hupatikana kwa kuchukua halijoto ya upande wa baridi, katika kipimo cha Kelvin, na kuigawanya kwa tofauti ya halijoto za pande mbili.

Tuseme koili ya ndani ya kiyoyozi kilicho safi ina nyuzi 10 za Selsiasi, yaani Kelvin 283, na koili ya nje ina nyuzi 45, yaani Kelvin 318. Tofauti ni 35. Ukigawanya 283 kwa 35 unapata 8.1. Sasa tuseme vumbi limezuia hewa kupita. Koili ya nje, kwa kuwa haitoi joto lake vizuri, hupanda hadi nyuzi 55. Koili ya ndani, kwa kuwa haipati hewa ya kutosha kutoka chumbani, hushuka hadi nyuzi 5. Tofauti imekuwa 50. Ukigawanya 278 kwa 50 unapata 5.6 tu.

Hakuna mtambo halisi unaofikia viwango hivyo, lakini mwelekeo wa hesabu ni wa kweli. Kuhamisha joto lile lile sasa kunahitaji kazi zaidi kwa asilimia 45 hivi. Kiyoyozi kinachotumia kilowati 1 kwa saa 8 kila siku humaliza uniti 240 kwa siku 30. Kikizidiwa kwa kiwango hicho kingehitaji karibu uniti 350 kuondoa joto lile lile. Mwanafunzi anaweza kuzidisha uniti hizo 110 za ziada kwa bei ya umeme wa mahali pake, na kuona thamani ya vumbi.

Vumbi, barafu na chumvi

Vumbi hudhuru kwa njia mbili. Huziba nafasi zilizo kati ya vibati vyembamba vya alumini vinavyoizunguka koili, na hivyo kupunguza hewa inayopita. Tena hushika hewa iliyotulia juu ya metali, na hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto: alumini hupitisha joto takriban mara 9,000 kuliko hewa hiyo.

Chujio la kiyoyozi lililoziba huleta pia balaa la pili. Koili ya ndani inapokosa hewa hushuka chini ya nyuzi 0, na unyevu unaoigusa huganda. Barafu huziba njia ya hewa iliyobaki, koili huzidi kupoa, na barafu huzidi kukua. Mtambo hutumia umeme saa nzima huku chumba kikibaki na joto. Dawa yake ni kuuzima mtambo, kuiacha barafu iyeyuke, kisha kulitoa chujio na kuliosha kwa maji, na kulikausha kivulini. Mahali penye vumbi kazi hii yafaa kufanywa kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Katika jokofu lisiloyeyusha barafu lenyewe, barafu isiachwe kuzidi unene wa nusu sentimeta. Wala haifai kuikwangua kwa kisu. Kisu kikitoboa bomba gesi yote hutoroka, na majokofu mengi ya kisasa hutumia isobutani, gesi inayowaka moto. Njia salama ni kuchomoa waya wa umeme, kufungua mlango, na kusubiri.

Mwambao una adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari. Pale shaba nyekundu ya bomba inapogusana na alumini ya vibati, maji ya chumvi huzifanya metali hizo mbili zitende kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kuiosha koili ya nje kwa maji baridi yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umezimwa, huondoa vumbi na chumvi kwa pamoja.

Je, gesi huisha?

Gesi ya jokofu si kama petroli ya gari. Haichomwi wala haitumiki ikaisha. Huzunguka katika njia iliyofungwa, na yaweza kudumu kwa miaka yote ya maisha ya mtambo. Ikipungua, maana yake ni moja tu: imevuja. Kwa hiyo fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anamimina maji katika mtungi uliopasuka, na mwenye nyumba atamwita tena.

Hasara hiyo haiishii nyumbani. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za jokofu zenye klorini zingeharibu tabaka la ozoni, ambalo huikinga dunia dhidi ya mionzi hatari ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kupungua sana kwa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ili kuziondoa gesi hizo. Nyingi za zile zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini hunasa joto la dunia kwa nguvu nyingi. Kilo 1 ya gesi iitwayo R-134a, katika muda wa miaka 100, huchangia ongezeko la joto sawa na kilo 1,300 au zaidi za kaboni dioksaidi. Ni katika mji wa Kigali, mwezi Oktoba 2016, ambapo mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi hizo pia. Makubaliano hayo hutekelezwa hata na fundi wa mtaani anayeliziba tundu kabla ya kujaza.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika na kurudi mara moja, kompresa hulazimika kuanza kazi wakati gesi ya upande wa juu ingali na kanieneo kubwa. Mota yaweza kushindwa kuzunguka, ikavuta mkondo mkubwa wa umeme na kuungua. Kusubiri dakika 3 hadi 5 huziwezesha kanieneo za pande mbili kulingana. Ni subira ndogo inayookoa sehemu ya mtambo yenye gharama kubwa.

Kompresa ikiungua, linaloharibika si fedha tu. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wengi wa chakula huongezeka upesi. Samaki na maziwa hayawasubiri. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na chanjo nyingi katika zahanati vivyo hivyo.

Kupunguza mzigo

Nyumba za kale za mwambao zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na baraza zenye kivuli. Joto la mchana lilichelewa kuingia. Palipo na kiyoyozi busara hiyo ingali yafaa: pazia upande wa jua, mlango uliofungwa, kivuli juu ya kisanduku cha nje bila kukizibia hewa. Jokofu nalo lisisukumwe likagusa ukuta, wala lisiwekwe karibu na jiko, wala lisitiwe chakula cha moto. Katika kiyoyozi cha kawaida, kuweka nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi. Huufanya mtambo uendelee kufanya kazi bila kupumzika.

Majaribio ya shuleni

Walimu wanaweza kuyathibitisha haya bila maabara kubwa.

1. Banisha karatasi katika mlango wa jokofu, kisha ivute. Ikitoka bila ukinzani, mpira wa mahali hapo hauzibi. Rudia kuuzunguka mlango wote, na uchore ramani ya mahali palipolegea.

2. Pima halijoto ya hewa inayoingia katika kiyoyozi na ya hewa inayotoka, kabla na baada ya kuliosha chujio. Linganisha matokeo.

3. Kinga maji yanayotiririka katika bomba la kiyoyozi kwa saa 1. Ikipatikana lita 1, mtambo umetumia takriban wati 675 za uwezo wake wa kupoza kwa kazi ya kukausha hewa tu. Wanafunzi waonyeshe jinsi jibu hilo linavyopatikana kutokana na jouli 2,430 kwa kila gramu.

4. Soma mita ya nyumbani kwa siku 7 kabla ya kusafisha jokofu na siku 7 baada ya hapo, matumizi mengine yakibaki yale yale.

Mwanafunzi atakayefanya majaribio haya atakuwa ameielewa kanuni ya Carnot kwa mikono yake, na huenda nyumbani kwao uniti zikadumu siku kadhaa zaidi.