Taa Zinazowaka kwa Mapigo ya Moyo

Wazazi wengi tumezoea kuiona kompyuta mikononi mwa watoto wetu kuwa mchezo upotezao wakati. Hebu tuitazame kazi ya Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Meksiko, aliyoiita Pulse Room mwaka 2006. Mtazamaji hushika vishikio. Programu huyasoma mapigo ya moyo wake, na balbu iliyo karibu naye huwaka na kuzimika kwa mwendo huohuo. Akija mwingine, mapigo ya waliotangulia husogea balbu moja mbele, na yale ya kale zaidi hutoweka. Msingi wa amri zake ni mwepesi: pokea, sogeza, futa. Lakini ndani yake mna umri wa mwanadamu. Basi tusiwaulize vijana wetu wanacheza nini tu, bali pia wanaunda nini.