Njugu mawe, fiwi zapata wataalamu wa vinasaba

MKULIMA wa njugu mawe au fiwi mara nyingi hupanda mbegu alizorithi, kwa kuwa utafiti mwingi umeelekezwa kwenye mahindi, ngano na mpunga.

Desemba 2013, mafunzo ya juu ya vinasaba kwa watafiti wa mbegu wa Afrika yalianza Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mazao 101 yamelengwa. Mwaka 2019, ramani za vinasaba vya njugu mawe, fiwi na mlonge zilichapishwa.

Faida ni muda. Kipande cha jani huweza kuonyesha sifa za mche kabla haujazaa.

Hata hivyo, maabara haiumbi sifa hizo. Huzitafuta katika mbegu za asili. Mkulima asizitupe.