Mgeni Aliyempandisha Rædwald

Katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 7, mtoto wa mfalme hakuwa na hakika ya kurithi kiti. Yeyote mwenye damu ya ukoo wa kifalme aliweza kukidai, mradi awe na vijana wa kumpigania. Nao hawakufuata maneno matupu. Walikula kwa mfalme, wakanywa pombe ya asali ukumbini mwake, wakatunzwa mapanga na pete za dhahabu. Vita vikipamba moto, walitarajiwa kufa mbele yake. Aliyerudi hai ilhali bwana wake ameuawa alibeba aibu hadi kaburini. Kwa hiyo mfalme hakulimbikiza mali. Aliipokea ili aigawe.

Rædwald, wa ukoo wa Wuffinga, aliwatawala Waangli wa Mashariki kwa mila hiyo. Kwake alikimbilia Edwin, mwana wa ukoo wa kifalme wa Deira, sehemu ya Northumbria, aliyetangatanga miaka mingi akisakwa na Æthelfrith, mfalme wa Northumbria. Rædwald akamkaribisha na kumwahidi ulinzi. Æthelfrith akatuma wajumbe na fedha ili Edwin auawe. Rædwald akakataa. Wakaja mara ya pili, kisha ya tatu, fedha zikiongezeka na vitisho vya vita juu yake. Hapo akalegea, akakubali. Rafiki mmoja alimwendea Edwin usiku amtoroshe, lakini Edwin akagoma: hakuwa tayari kuvunja agano na mwenyeji ambaye bado hajamtendea ubaya.

Aliyemzuia Rædwald ni mkewe. Mumewe alipomfunulia siri, alimwambia haimpasi mfalme mkubwa kumuuza rafiki aliye shidani, wala kuitupa heshima yake kwa tamaa ya fedha. Hakuomba huruma. Alijua kwamba mfalme anayeuza mgeni wake leo, kesho vijana wake watajiuliza zamu ya nani inafuata. Mtawa Bede, aliyekamilisha historia yake mwaka 731, hakutuachia jina la mwanamke huyu, na jambo hilo linaniuma, kwa kuwa ukuu wa Rædwald ulianzia kwenye neno lake.

Rædwald hakungoja kushambuliwa. Mnamo 616 alimkuta Æthelfrith kando ya mto Idle kabla hajakusanya jeshi lake lote, akamuua. Ushindi ulikuwa na gharama, kwani mwanawe Rægenhere aliuawa humo. Edwin akapewa Northumbria, na Bede akamhesabu Rædwald kuwa wa nne kati ya wafalme waliotambuliwa kuwa wakuu wa falme zote za kusini mwa mto Humber.

Bede hakumsamehe jambo moja. Rædwald alibatizwa Kent, lakini aliporudi nyumbani mkewe na washauri walimvuta kwenye miungu ya mababu, naye akaweka madhabahu mbili katika hekalu moja. Mtawa aliona usaliti. Mimi namwona mtawala aliyekuwa na washirika Wakristo na wapiganaji waliomwapia kwa miungu ya kale, asiyeweza kuwapoteza hawa wala wale.

Mwaka 1939, huko Sutton Hoo, Suffolk, lilifukuliwa kaburi la merikebu yenye urefu wa mita 27, na wanahistoria wengi wanaamini ni lake. Pamoja na upanga na kofia ya chuma, waliomzika waliweka pembe za kunywea, kinubi, na mnyororo wa zaidi ya mita 3 wa kuning'iniza sufuria ya ukumbini: vyombo vya mwenyeji.