Presha si ya wazee, tulikosea

Wewe ambaye una miaka ishirini na kitu, lini mara ya mwisho ulipimwa presha? Hukumbuki, sivyo? Usione aibu. Hata mimi sikuwahi, hadi tulipomzika mjomba wangu kule Ndhiwa.

Siku hiyo nilipanda matatu Migori mjini, tukapita Awendo na Rongo, nikashuka Rodi Kopany na kumalizia safari kwa boda. Njia nzima nilikuwa nasikia stori moja tu: mjomba karogwa. Jioni alikuwa anacheka na watu, asubuhi mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Kabla watu wamalize kubishana kama wampeleke kwa mganga au hospitali, saa zilikuwa zimekwisha.

Shangazi ndiye aliyetoboa siri. Mjomba alikuwa ameandikiwa dawa za presha. Akameza, akajisikia fiti, akaacha. "Aliniambia amepona," shangazi akasema.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotezwa. Presha haiumi. Unaweza kukaa nayo miaka ukicheza mpira na kubeba magunia bila dalili yoyote.

Ngoja nikueleze kwa mfano wa nyumbani. Umewahi kuona wakulima wa sukuma na tikiti kandokando ya ziwa, upande wa Mbita au Kendu Bay, wakimwagilia kwa pampu? Moyo ni pampu kama hiyo. Ukubwa wake ni kama ngumi yako, na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Upande wa kulia husukuma damu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni, upande wa kushoto huisambaza mwilini. Mishipa ndiyo mipira ya maji. Mpira ukikakamaa au ukiziba ndani, pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwisho wa siku pampu huchoka, au mpira hupasuka. Ukipasuka au kuziba kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Si uchawi.

Baada ya matanga, mhudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, alitupima sisi vijana pale nyumbani. Serikali iliwazindua rasmi Septemba 2023, takriban 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Yangu ikasoma 148/94. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika. Chini ya 120/80 uko sawa. Ukipata 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine, kwani kipimo kimoja hakitoshi. Kaa kimya dakika tano kwanza, na usipimwe ukiwa umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Mimi nilirudia mara mbili kituo cha afya, bado ikawa juu.

Basi nikaanza kujichunguza. Chumvi nilikuwa naimwaga juu ya chipsi kabla hata ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia iliyo ndani ya smokie, mkate na vile viungo vya pakiti. Chakula chetu cha ziwani si adui: samaki, omena, osuga na dek ni vizuri, mradi chumvi na mafuta visizidi. Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Nusu ya safari zako za boda unaweza kuzitembea, tuambiane ukweli. Sigara, acha. Pombe, punguza.

Na ukiandikiwa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unameza. Ikikusumbua, mwambie daktari akubadilishie.

Ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanavurugika, usiite kikao cha familia. Ita gari, mkimbize hospitali.

Wiki hii mtafute CHP wa kijiji au mtaa wako. Pimwa, kisha mpigie mzee wako nyumbani umuulize kama bado anameza dawa zake. Mimi sikumuuliza wangu.