Kwa nini picha hupotea kanda za video zinapohamishiwa kwenye kompyuta?

Kila tarehe 27 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Urithi wa Sauti na Picha, iliyoidhinishwa mwaka 2005 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO. Katika nchi za Afrika Mashariki, urithi huo haumo katika maghala ya vituo vya televisheni peke yake. Umo pia katika makabati ya familia: kanda za VHS za harusi, maulidi, mahafali na mazishi, na mara nyingi kanda hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Kanda hizo hazitadumu. Utando wa sumaku unaobeba picha huchakaa kwa joto na unyevu, na deki za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Ndiyo maana watu wengi huhamishia kanda zao kwenye kompyuta wangali na nafasi. Lakini katika kuhamisha huko hutokea hasara ambayo haionekani mara moja, nayo ni kudondoka kwa fremu.

Fremu ni nini?

Video ni mfululizo wa picha tuli, na kila picha huitwa fremu. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, fremu 25 hupita kila sekunde, yaani fremu 90,000 kwa saa moja. Kanda inayozunguka haiisubiri kompyuta. Fremu ikifika wakati kompyuta imelemewa na kazi nyingine, au ikifika imeharibika kiasi cha kutotambulika, huachwa.

Fremu moja ikikosekana, jicho halihisi. Zikikosekana nyingi, mwendo hukatikakatika. Kwa kuwa sauti huendelea kurekodiwa, maneno na midomo huanza kuachana. Ikiwa programu haikujaza nafasi zilizoachwa, fremu 25 zinatosha kuitenganisha sauti na picha kwa sekunde nzima.

Kosa la kompyuta au la kanda?

Swali hili ndilo la kujibiwa kwanza, kabla ya kutumia fedha kununua kifaa chochote. Programu za kurekodi kama VirtualDub na OBS Studio huonyesha idadi ya fremu zilizopotea wakati kazi ikiendelea. Mhusika achague kipande cha dakika kumi, akirekodi mara mbili, na kila mara aandike dakika ambayo hesabu hiyo iliongezeka. Fremu zikipotea mahali pale pale mara zote mbili, tatizo liko kwenye kanda au deki. Zikipotea mahali tofauti, kuna uwezekano mkubwa kuwa tatizo ni la kompyuta.

Tatizo likiwa la kompyuta, diski ichunguzwe mwanzo. Video ya PAL isiyobanwa, yenye ukubwa wa kawaida wa nukta 720 kwa 576, huhitaji takriban megabaiti 21 kila sekunde, yaani gigabaiti 75 hivi kwa saa. Video ya aina ya DV, ambayo imebanwa, huhitaji megabaiti 3.6 tu kwa sekunde, au gigabaiti 13 kwa saa. Diski iliyokaribia kujaa, au ile inayobeba mfumo mzima wa kompyuta, inaweza kushindwa kuandika kwa kasi hiyo bila kusita. Ni afadhali video iandikwe kwenye diski ya pili yenye nafasi ya kutosha. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4.

Baada ya hapo, kazi nyingine zisimamishwe: intaneti, masasisho ya programu, ukaguzi wa virusi na hali ya kuokoa umeme. Kifaa cha kunasa video kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, kisishirikiane njia moja ya USB na diski ya nje. Kichakataji kikiwa dhaifu, njia ya kubana video isiyokilemea inafaa zaidi, hata kama faili litakuwa kubwa.

Tatizo likiwa la kanda, kompyuta mpya haitasaidia. Ishara ya VHS iliyochakaa huyumba, na kifaa cha kunasa hushindwa kujua fremu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Vichwa vya deki visafishwe, kanda izungushwe mbele hadi mwisho kisha irudishwe, na mpangilio wa usomaji urekebishwe. Kuijaribu kanda kwenye deki nyingine nako husaidia mara nyingi. Vipo pia vifaa maalumu vinavyoituliza ishara kabla haijafika kwenye kompyuta. Kanda yenye ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa, kwa maana ukungu huchafua vichwa vya deki na kuhamia kwenye kanda zitakazofuata.

Kabla ya kuitupa kanda

Kazi haikamiliki faili linapoonekana kwenye kompyuta. Video itazamwe mwanzoni, katikati na mwishoni, huku midomo ya wasemaji ikilinganishwa na sauti, kwani kuachana huongezeka kadiri dakika zinavyosonga. Nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti. Kanda yenyewe nayo isitupwe: fremu iliyodondoka haimo popote ndani ya faili, na mahali pekee inapoweza kupatikana tena ni kwenye kanda ile ile ya zamani.