Kwa Nini Mapanga ya Tabaini Hayayeyuki?

Katika injini ya ndege ya jeti, gesi ya moto inayozungusha tabaini huweza kuzidi nyuzi joto 1,500 za Selsiasi. Mapanga ya tabaini hutengenezwa kwa aloi ya nikeli, ambayo huyeyuka kabla ya kufikia joto hilo. Yanaponaje? Zingatia mambo matatu:

1. Hewa yenye joto pungufu hutolewa kwenye kompresa, hupita ndani ya panga, kisha hutokea kwenye vitundu vidogo na kulifunika kama shuka.

2. Panga hupakwa kauri, ambayo hupitisha joto kwa shida.

3. Panga zima huundwa kwa fuwele moja. Metali yenye moto ikivutwa na mzunguko wa kasi hurefuka polepole, hasa kwenye mipaka ya fuwele. Panga likirefuka huweza kukwaruza ganda la injini, hata kukatika ndege ikiwa angani. Fuwele ikiwa moja, mipaka haipo.

Angalizo: Usijibu kwamba panga haliyeyuki "kwa sababu ni gumu". Ugumu na kiwango cha kuyeyuka ni sifa mbili tofauti. Hoja ya 1 na ya 2 hueleza kuyeyuka. Hoja ya 3 hueleza uimara.